Mkebe wa Kashata Juu ya Begi Lako

Kwandu mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi na jioni nitakupa nyingine, kwa hiyo hapa naziruka. Wewe na mama yako mmekwenda Nkololo kumuaga bibi, na bibi namjua, hatawaachia mapema. Atataka mle, mkimaliza atataka mle tena. Mimi nimebaki na nyumba, na kuku, na trei mbili za kashata zinapoa mezani. Na begi lako.

Begi lako liko pale karibu na mlango. Zipu umeifunga lakini hukuifikisha mwisho, umeacha upenyo wa kama vidole viwili. Tangu mlipoondoka nauangalia huo upenyo. Mtu aliyelelewa na mimi haachi zipu wazi hivi hivi tu. Ama alikuwa na haraka ya kuficha kitu, ama ananitega.

Nisikufiche, nataka kulifungua.

Jumapili shangazi yako alikuja kutoka Nyashimo na dagaa zake, na kwenye pembe ya kitenge chake kulikuwa na fundo. Nililiona alipokaa. Baadaye mkaenda nyuma ya jiko, wewe na yeye, mkawa mnanong'ona. Nilipotokea na beseni langu la karanga, ghafla mkaanza kuzungumza habari za mvua. Shangazi yako! Mtu anayeweza kuongea bei ya dagaa kuanzia asubuhi mpaka kuku waingie bandani, tangu lini akashughulika na mvua? Aliporudi kukaa, pembe ya kitenge ilikuwa imelegea. Fundo halipo.

Na mimi sijasahau alichoniambia alipokuja Pasaka. Aliniambia kuna mzee pale mnadani Lamadi anauza unga wa mizizi unaomaliza ugonjwa wa sukari kabisa, na kwamba jirani yake aliutumia akatupa dawa zote za hospitali. Akaniuliza, "Kaka, mtoto wa kike ataolewa vipi huku anajichoma tumbo kila siku?" Nilimjibu vibaya, ukanisikia, ukatoka nje. Sikujua kama ulitoka kwa hasira yangu au kwa maneno yake.

Kwa hiyo leo nimekaa hapa na moyo wangu unaniambia ule unga umo ndani ya begi. Utafika nao Dodoma, huko masomoni. Hutakuwa na mama wa kukuuliza umepima ngapi, hutakuwa na mimi wa kupita pita mlangoni. Siku moja utachoka na sindano, kila mtu huchoka, na ule unga utakuwa pale unakusubiri. Ukiacha sindano utakufa, Kwandu. Nimeandika hilo neno kwa kuwa sina namna nyingine ya kulisema.

Habari za kufuli, chandarua na ada naziacha, mama yako keshakwambia na atakwambia tena stendi mbele za watu. Mimi nataka nikwambie habari ya mkono wangu.

Kazi yangu ya kupima pamba unaijua. Mkulima analeta gunia, kwa juu pamba nyeupe, imechambuliwa vizuri, na yeye mwenyewe anatabasamu. Ukipima kwa macho umeliwa. Mimi sipimi kitu kabla mkono haujazama mpaka begani. Katikati ya gunia ndiko watu wanakoweka mambo yao: maji ili lizidi uzito, mchanga, mawe. Kuna ngosha mmoja, Msukuma mwenzangu, nilimtolea tofali zima, akaapa mbele ya wenzake kwamba hajui limeingiaje. Tukamuuliza kama alilipalilia. Na jioni, kabla ya kufunga ghala, nasokota uzi wa pamba na kuupenyeza kwenye fundo la kila gunia. Asubuhi nikikuta uzi haupo, najua kuna mkono umepita. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja kunisokotea hizo nyuzi, ukikunja ulimi kwa bidii.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba jioni mkono haubaki ghalani. Unarudi nao nyumbani.

Ulipoanza kuugua, ulikuwa unakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, ukaisha mwili, ukaanza kulowesha kitanda na wewe ni msichana mkubwa. Mama yako alisema twende hospitali. Mimi nilishasema ni mkono wa mtu. Nikaenda Ipililo kwa mganga, akaniuliza kama nina adui, na mimi nikataja jina. Jirani yetu uliyemwita mama mkubwa, aliyekubeba mgongoni, nikalitaja jina lake kwa kinywa changu. Niliporudi nilipita mlangoni kwake bila kumsalimia, na nikaendelea hivyo mpaka siku ulipozimia na tukakukimbiza hospitali. Huko wakapima wakasema ni kisukari, kile cha watoto, mwili umeacha kutengeneza insulini. Hakukuwa na mtu. Mpaka leo yule mama ninamuwahi mimi kwa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka!", kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Yeye ananijibu vizuri tu. Hajui kwa nini napiga kelele.

Ungedhani hapo nimejifunza. Wapi! Katika maneno yote ya daktari nilishika neno moja, sukari. Nikarudi nikaifukuza sukari humu ndani kama mwizi. Asali nikagawa, wageni wakanywa chai kavu mpaka wakaacha kuja. Na wewe nikakushuku. Nilikuona unavyoshika begi lako la shule, unaliweka upande wa ukutani unapolala. Siku ukiwa bafuni nikaingiza mkono. Chini kabisa, ndani ya soksi, nikakuta pipi.

Nikajua nimeshika mchanga. Sikukuuliza, maana mtu akishashika mchanga haulizi tena. Nikazitupa chooni, nikajiona baba hodari.

Mengine unayajua wewe kuliko mimi. Ulivyotoka shule unatetemeka, jasho linakutoka, ukakaa kando ya njia ukalipekua begi lako na hukukuta kitu. Kama yule mwenye duka asingekuangalia usoni na kukupa soda, leo ningekuwa naandika nini? Uliporudi ulisimama pale kwenye kizingiti, ukaniambia, "Baba, zile pipi nesi ndiye alinipa. Zilikuwa za kuniokoa." Basi. Hukulia, hukupiga kelele. Na hukunisemesha tena mpaka karanga zikavunwa.

Kwetu baba hamwombi radhi mtoto, au labda wengine wanaomba na mimi sikufundishwa. Nikaingia jikoni. Mama yako alinitazama akafikiri nimepotea njia.

Nilikuwa nimeona pale mjini dukani vile vipande vya kwenye pakiti, vimechorwa karanga na asali, vimeandikwa afya afya kila mahali. Nikageuza nyuma, maandishi madogo hata sisimizi angehitaji miwani. Cha kwanza kimeandikwa sukari. Cha tatu ni sukari tena, imebadilishwa jina. Karanga ziko huko mwishoni, zimejificha. Nikamwambia muuzaji, hii ni pamba yenye mchanga. Akaniambia mzee kama hununui rudisha. Nikarudisha, nikaja kutengeneza za kwangu, ambazo najua kila kilichoingia.

Unakumbuka zile za kwanza? Ziligoma kushikana, ukazila kwa kijiko. Za pili zilishikana mno, mama yako akasema tuezekee banda. Wenzangu wa mizani walipokuja wakanikuta nimekaa kwenye kigoda napepeta karanga, wakauliza, "Ngosha, kwani umeolewa?" Nikawaambia ndiyo, na mahari nimelipiwa. Ulicheka ukiwa ndani. Nilikusikia. Ndicho kicheko cha kwanza tangu zile pipi, na nilipepeta karanga ambazo zilikwisha kupepetwa ili nikisikie tena.

Sasa nazijua. Matobolwa ya bibi yako, yaani viazi vitamu alivyovichemsha na kuvianika juu ya jabali, nayaponda kwenye kinu mpaka yalainike. Embe kavu nalikatakata. Tende natoa kokwa, nazilowesha kidogo maji ya moto, nazisaga, hizo ndizo gundi yangu. Asali siitumii, wauza asali siwaamini, nimeshaonja za kutosha zenye sukari guru ndani. Ufuta nakaanga, karanga nakaanga. Lakini karanga nazikagua moja moja kabla hazijaona moto. Iliyosinyaa natoa, yenye weusi natoa, yenye harufu ya uvundo namwaga na jirani zake. Bwana shamba alitueleza kwamba sumukuvu huioni ikishasagwa, na karanga mbovu moja inajificha vizuri sana ndani ya nzuri mia. Mama yako anasema nazihoji karanga kama polisi. Nazihoji.

Kisha nakandamiza kwenye trei kwa chupa na kukata. Hapo ndipo ile kazi yangu inaponifaa. Kila kipande sawa na mwenzake, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, ili ukila kimoja ujue umekula nini na uchome sindano kwa hesabu, si kwa kubahatisha. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo. Ulisema, "Baba, kipande kikubwa kinanidanganya."

Nilizipeleka kliniki kwa majivuno. Nikamwambia nesi, sasa pipi zenu basi, mtoto akishuka sukari atakula hizi. Yule dada akaonja, akasema tamu. Kisha akasema, "Baba Kwandu, hizi ni nzuri, lakini karanga ina mafuta, utamu wake unachelewa kufika. Akitetemeka mpe kwanza maji ya sukari au soda ya kawaida. Akitulia, ndiyo umpe kipande kimshikilie mpaka mlo." Nikamshuku. Nikasema moyoni huyu ana wivu, hajui hata kukaanga. Mpaka siku uliposhuka mbele yangu, nikakupa kashata, tukakaa tunaangalia kile kimashine cha kupimia sukari kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Namba haikupanda. Umelegea, unatafuna, namba imelala pale pale. Mama yako ndiye aliyekoroga sukari akakunywesha, akanisukuma pembeni kwa kiwiko. Ulipopata nguvu, ukala kashata mbili taratibu, na hapo zikafanya kazi yake.

Iliniuma. Nilitaka kile nilichotengeneza kwa mikono yangu ndicho kikuokoe. Kumbe cha kuokoa ni kile kile nilichokitupa chooni, na changu kinakuja baadaye. Nimekaa na jambo hilo miaka, na hata leo nikifunga mkebe naongeza glukosi ya unga pembeni, naiweka juu, mahali mkono wako utakapofika kwanza.

Mama yako anafikiri nilikuwa nalala ulipokuwa unajiandaa na mitihani. Nilikuwa mlangoni kwako. Nilikuona alfajiri moja unajichoma kidole, unaangalia namba, na ilikuwa imepanda vibaya, niliiona sura yako. Ukasema neno ambalo sikukufundisha. Kisha ukafukua insulini kwenye chungu chako cha mchanga wenye maji kinachoitunza baridi, ukahesabu, ukajichoma, ukanywa maji, ukafunua daftari ukaendelea na hesabu zako. Hukumwita mtu. Mimi nimesimama gizani nimejiandaa kukimbia, sina pa kukimbilia. Niliogopa siku ile, Kwandu. Niliogopa kwa kuwa hukunihitaji.

Sasa subiri. Naenda kuliangalia hilo begi.

Nimerudi.

Nilijiambia nitavuta zipu kidogo tu, mkono uingie, uguse, utoke. Nikipata fundo la unga nitalimwaga, nawe utajua ni mimi, utanichukia mpaka karanga zivunwe tena, lakini utakuwa hai. Nilishapiga magoti. Nilishashika kishikio. Ndipo nikauona.

Uzi. Uzi mweupe wa pamba, umesokotwa, umepenyezwa kwenye meno ya zipu pale pale kwenye upenyo, ncha moja ndani, ncha moja nje. Umesokotwa kwa kuelekea kushoto, kama ninavyosokota mimi. Hakuna mtu mwingine Bariadi hii anayesokota hivyo, ila mmoja, na yuko Nkololo analishwa na bibi yake.

Ala! We mtoto!

Kwanza nilipandwa na hasira. Nikasema, hivi binti anamwekea baba yake uzi kama gunia la mwizi? Kisha nikacheka peke yangu, nimepiga magoti sakafuni, mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Halafu kicheko kikageuka, nikalia, na hilo nalo nakwambia kwa kuwa sitalisema kwa mdomo.

Nikwambie na jambo jingine ulijue. Ningeweza kuutoa, nipekue, nisokote mwingine, niurudishe. Nyuzi nazijua kuliko wewe, usingegundua mpaka kufa. Mkono ulitaka. Nilikaa chini pale kando ya begi, nikaukalia ule mkono, kweli kabisa, nimeuweka chini ya paja kama mtoto aliyekatazwa. Nikajiuliza, huyu anayemtegea uzi baba yake mzazi, huyu ndiye atakayemeza unga wa mzee wa mnadani bila kuuliza umesagwa na nini? Huyu aliyenikataza kipande kikubwa kwa sababu kinadanganya? Sikupata jibu lililonitosha. Lakini lile nililopata lilikuwa kubwa kuliko ile hofu niliyokuja nayo, nikainuka.

Shangazi yako bado namshuku. Hilo usinizuie. Na kama alichokupa ni unga, na uko humo, basi umo kwa kuwa wewe umeuweka, na utakaa au utatupwa kwa mkono wako. Ninaloomba ni moja. Uuzamishie mkono kama gunia, mpaka begani. Muulize yeye ni nini, na yule mzee anajua nini, na jirani aliyetupa dawa sasa hivi yuko wapi, maana shangazi hakumalizia hiyo hadithi na mimi nilikuwa na hasira ya kutosha nisimuulize. Ukitaka kuniambia, niambie. Usipotaka, nitalala macho wazi lakini nitalala.

Na kama ni kitu kingine, labda kitambaa, labda hirizi ya mchumba, labda hela za nauli, basi nitakuwa nimemsingizia dada yangu bure, na itabidi nami nimuwahi asubuhi kwa sauti kubwa. Nitaanza kuwa na watu wengi wa kuwasalimia.

Nakupenda, mwanangu. Nimekupenda kwa njia ya kupekua, na najua imekuumiza. Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia.

Kashata zimepoa. Nimezikata, nimezipanga kwenye mkebe ule wa biskuti, zote sawa, glukosi juu. Barua hii naikunja naiweka humo humo. Mama yako alisema nikimaliza nizitie ndani ya begi. Sikuzitia. Mkebe nimeuweka juu ya begi, kwa nje, na utaukuta hapo. Ukimaliza kusoma, kagua kwanza uzi wako. Kisha fungua begi mwenyewe, uutie mkebe ndani.

Baba yako